Sebule ya umbo la L: kupanga spika za 5.1 bila kubomoa ukuta

Nyumba nyingi zinazojengwa sasa zina sebule na sehemu ya kulia chakula zilizounganishwa bila ukuta katikati, na ukizichora kwenye karatasi unapata herufi L. Upande mmoja wa kochi kuna ukuta. Upande wa pili kuna meza ya chakula, friji na mlango wa jikoni. Michoro iliyomo kwenye maboksi ya spika za 5.1 (tatu za mbele, mbili za nyuma na sabufa, yaani spika ya besi) inachukulia kwamba chumba ni mstatili wenye kuta nne, kwa hiyo mwenye nyumba hutundika spika za nyuma popote palipo na ukuta, kisha anashangaa kwa nini sauti inavutwa upande mmoja, na kwa nini besi inayovuma mlangoni haisikiki ukikaa.

Usihangaike kulinganisha chumba kizima. Kinachotakiwa kulingana ni eneo linalokuzunguka pale unapokaa: tenga ndani ya L eneo la mita tatu hadi nne, lipange kwa tepu ya kupimia, halafu sehemu iliyobaki ishughulikiwe kwa sabufa na vitambaa. Mwongozo huu unatumia sebule yenye upana wa mita 4.2, urefu wa mita 5.4 na dari la mita 3. Upande wa kulia, kuanzia mita 2.6 kutoka ukuta wa TV hadi ukuta wa nyuma, uko wazi na unaingia kwenye sehemu ya kulia chakula yenye kina cha mita 3. Weka vipimo vyako mahali pa hivi na hesabu zitakwenda vilevile.

Kwanza hakikisha kifaa ni 5.1 kweli

Seti nyingi za dukani zinazoitwa sabufa, zenye spika tano ndogo, zina Bluetooth, USB na matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe. Kifaa cha namna hiyo kinapokea sauti ya kushoto na kulia peke yake, kisha kinaigawa kwenye spika zote tano. Hata uzipange kwa ustadi gani, helikopta kwenye filamu haitapita nyuma yako, kwa sababu sauti ya nyuma haikuingia kabisa. Tafuta kifaa chenye HDMI iliyoandikwa ARC au eARC (inayorudisha sauti ya TV kwenye kifaa), au tundu la optiko (sauti hupita kama mwanga), pamoja na nembo ya Dolby Digital au DTS, ambayo ni mifumo ya kubeba sauti za 5.1. Matundu sita ya kuingizia sauti nayo yanafaa, mradi kichezeshi chako kina sita za kutolea.

Ukinunua risiva (kifaa kinachopokea sauti, kuikuza na kuigawa kwenye spika) ya mtumba kutoka Japani au Marekani, soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Za Japani ni volti 100 na za Marekani ni 120, wakati soketi zetu zina 230 hadi 240. Bila transfoma ya kushusha umeme, risiva inaungua mara moja. Nunua transfoma yenye wati mara moja na nusu hadi mbili ya zile zilizoandikwa kwenye risiva.

Chora chumba

Chukua karatasi ya miraba, sentimita 1 iwe sentimita 20 za sakafuni. Weka kuta zote, madirisha, milango na inakofungukia, nguzo, soketi, feni ya dari na njia wanayopita watu kwenda jikoni na vyumbani. Njia hiyo ndiyo husahauliwa, nayo ndiyo itakayokukataza kusimamisha spika sakafuni. Andika pia kuta zilivyo: tofali lililopigwa lipu, kioo cha dirisha la alumini, au bodi ya jipsamu.

Kisha piga hesabu ya hewa yote iliyo wazi, si ya sebule tu. Hapa ni 5.4 × 4.2 × 3, yaani mita za ujazo 68, na sehemu ya chakula 2.8 × 3 × 3, yaani 25. Jumla ni 93. Korido isiyo na mlango nayo ihesabiwe. Utaihitaji namba hii kwenye sabufa.

TV ikae ukuta gani?

Chaguo bora kuliko yote ni ukuta unaoufanya uwazi wa L ubaki nyuma ya kochi, si ubavuni. Hapo kushoto na kulia kwako vinafanana, na uwazi wa nyuma unakusaidia kwa kuwa sauti haigongi ukuta ulio karibu na kisogo. Kama antena, soketi na dirisha vinaruhusu kuhamisha TV, ihamishe, hata kama itabidi kuchimba ukuta kidogo kwa ajili ya waya.

Isipowezekana, angalia kama pande zote mbili za TV zina ukuta kwa angalau mita 2 kwenda mbele. Sauti ya spika za mbele hugonga kuta za pembeni katika eneo hilo, na zikiwepo zote mbili, au zikikosekana zote mbili, sauti hubaki katikati. Katika mfano wetu kuta zote mbili zipo hadi mita 2.6, hivyo mbele pako salama na kasoro yote iko nyuma kulia. Ukuta wa kuepuka ni ule ambao kona ya L inaanzia karibu kabisa na TV: spika moja itakuwa kwenye kona ikipiga besi nzito, na mwenzake itakuwa mdomoni mwa uwazi ikisikika nyembamba.

Kochi ndilo linaloamua

Kwetu makochi hupangwa kuzunguka kuta, na kubwa huegemezwa ukuta wa nyuma. Kwa sauti hapo ndipo pabaya zaidi: besi hurundikana ukutani na sauti za juu hurudi sikioni kutoka nyuma. Sogeza kochi kubwa mbele angalau sentimita 60, na kama nafasi ipo, mita 1 au zaidi. Epuka pia katikati kamili ya urefu wa chumba. Sebule ya mita 5.4 ina mawimbi ya kusimama (sauti inayorudishwa na kuta na kujirundika palepale) karibu na Hz 32, yaani mitetemo 32 kwa sekunde (gawa kasi ya sauti, takriban mita 345 kwa sekunde, kwa mara mbili ya urefu), na katikati ya chumba wimbi hilo hujifuta. Utasikia besi kila mahali isipokuwa pale unapokaa.

Tunaweka masikio mita 3.4 kutoka ukuta wa TV. Tumevuka katikati kwa sentimita 70, na nyuma zimebaki mita 2. Makochi ya pembeni yabaki yalivyo, wageni watasikia vizuri vya kutosha, lakini vipimo vyote vinaanzia kwenye kochi hili. Kama halisogei kabisa, weka spika za nyuma ubavuni, usawa na masikio, na utundike zulia la ukutani au pazia nene nyuma ya vichwa.

Spika tatu za mbele

Pima kutoka masikioni hadi mstari unaopita kwenye nyuso za spika za mbele. Zikiwa sentimita 40 kutoka ukutani, umbali ni mita 3. Uzidishe kwa 0.8 upate nafasi ndogo kabisa kati ya spika ya kushoto na ya kulia, na kwa 1.15 upate kubwa kabisa. Hapa ni mita 2.4 hadi 3.45. Usikimbilie kubwa, kwa sababu katika chumba cha mita 4.2 spika zitabana kuta za pembeni. Mita 2.8 inaacha sentimita 70 kila upande, na hiyo ni nafasi nzuri.

Sehemu ya spika inayotoa sauti za juu iwe usawa wa masikio ya aliyekaa, sentimita 95 hadi 110 kutoka sakafuni. Spika ya kati, inayobeba karibu maneno yote, isiingizwe ndani ya shimo la kabati la TV. Ilete hadi uso wake ulingane na ukingo wa kabati au uuzidi kidogo, kisha weka kipande cha mpira chini ya ukingo wa mbele ili iangalie juu kuelekea masikioni. Watu wanaolalamika kwamba maneno ya filamu hayasikiki mara nyingi spika hii wameizika kabatini.

Spika za nyuma, pale pasipo na ukuta

Mahali pake panapopendekezwa kwa 5.1 ni nyuzi 100 hadi 120 kutoka mbele yako, yaani ubavuni na nyuma kidogo. Huhitaji kipima pembe. Kutoka kichwani nyoosha tepu moja kwa moja kwenda pembeni, kisha kwa kila mita 1 uliyokwenda, rudi nyuma sentimita 36. Hiyo ni nyuzi 110. Ukienda pembeni mita 2, rudi nyuma sentimita 73. Weka alama sakafuni kwa tepu ya karatasi, kushoto na kulia, kana kwamba kuta zote zipo.

Alama ya kushoto imeangukia karibu na ukuta, hakuna tatizo. Ya kulia imeangukia mlangoni mwa sehemu ya chakula, na hapo watu wengi huisukuma spika hadi ukuta wa mbali wa chumba cha chakula, mita 5 kutoka kwenye kochi. Usifanye hivyo. Kila umbali unapoongezeka mara mbili sauti hupungua takriban desibeli 6, na ingawa risiva inaweza kuongeza nguvu na kurekebisha muda, haiwezi kuondoa mwangwi wa chumba cha chakula uliochanganyika njiani. Utaisikia kama redio ya jirani.

Njia tatu zinafanya kazi. Ya kwanza ni stendi ya sakafuni kwenye alama, yenye kitako kizito na waya uliofichwa chini ya zulia. Ni rahisi, lakini hutakiwi kuiweka kwenye njia ya watu au nyumba yenye watoto wadogo. Ya pili ni kabati la vitabu au kizuizi cha mbao kinachotenganisha sebule na meza. Spika inakaa juu yake, na kizuizi chenyewe kinapunguza uwazi.

Ya tatu, ambayo ndiyo bora panapopita watu, ni kuishusha kutoka darini kwa bomba la chuma la sentimita 80 hadi 90. Katika dari la mita 3 spika itakuwa karibu mita 2.1 kutoka sakafuni, juu ya vichwa, imeinamishwa kuelekea kochi. Bodi ya jipsamu haibebi spika: skrubu iingie kwenye mbao au fremu ya chuma iliyo juu yake. Kama hakuna mbao kwenye alama yako, fundi apande darini na kuongeza kipande cha mbao cha inchi 2 kwa 4 kati ya mbao mbili. Angalia pia panga za feni zisiwe karibu.

Sasa irudie ya kushoto. Kama ya kulia imening'inia mita 2.1 juu, ya kushoto nayo itundikwe mita 2.1 ukutani, umbali uleule kutoka kochini. Urefu wa kawaida wa spika za nyuma ni usawa wa masikio hadi sentimita 60 juu yake, hivyo tumepanda kuzidi kidogo. Lakini spika mbili zilizo juu sawasawa ni bora kuliko moja chini na moja juu. Usiongeze spika za sita na saba kwenye chumba cha aina hii mpaka hizi tano zimekaa sawa.

Sabufa

Hapa mita za ujazo 93 zinadai haki yake. Sabufa ya inchi 6 na nusu inayotosha chumba cha kulala itakoroma sebuleni humo. Anza na inchi 10 yenye amplifaya yake ndani. Mbili za inchi 10 ni bora kuliko moja ya inchi 15, kwa sababu mbili zilizo mahali tofauti hujazana mapengo na kila kochi hupata besi inayokaribiana.

Mahali pa kuiweka hapatafutwi kwa macho:

1. Tandika kitambaa kwenye kochi kubwa, weka sabufa juu yake pale unapokaa, na uiunganishe.
2. Cheza milio ya Hz 30, 40, 50, 60 na 80 mmoja mmoja kutoka kwenye simu, kwa sauti ya wastani. Kisha cheza wimbo wenye gitaa la besi linalotembea noti kwa noti.
3. Inama hadi kichwa kiwe usawa wa sabufa ikiwa sakafuni, uzunguke kingo za chumba, pamoja na mwanzo wa sehemu ya chakula.
4. Weka alama pale ambapo milio yote inasikika kwa nguvu zinazokaribiana. Usichague pale panapovuma zaidi. Hapo ni mlio mmoja tu umevimba.
5. Hamishia sabufa kwenye alama, rudi kochini, na usikilize tena.

Njia hii inafanya kazi kwa sababu sauti hufuata njia ileile kutoka kochini hadi pembeni na kutoka pembeni hadi kochini. Katika chumba cha L mara nyingi alama nzuri huangukia kwenye ukuta wa mbele kati ya TV na kona yenye ukuta kamili, na ya pili huangukia upande wa nyuma. Ukiiweka ndani ya sehemu ya chakula, besi itajaza chumba hicho kwanza.

Kuhusu feizi (sabufa na spika zisukume hewa kwa pamoja, zisipingane), cheza mlio wa Hz 80 kwenye spika za mbele na sabufa kwa pamoja, kaa kochini, na mtu abadilishe swichi ya feizi ya sabufa kati ya 0 na 180. Iache pale unaposikia mlio mkubwa zaidi.

Waya

Pima njia utakayopitisha waya, si mstari wa moja kwa moja, na uongeze mita 1.5 kila upande wa spika. Kwetu spika ya nyuma kushoto inachukua takriban mita 10, ya kulia kupitia darini mita 12, za mbele mita 3 kila moja, ya kati 2. Jumla mita 30, nunua 35.

Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 una ukinzani wa takriban omu 0.012 kwa mita kwa kila uzi. Mita 12 kwenda na kurudi ni omu 0.29. Lengo ni kutozidi asilimia 5 ya omu zilizoandikwa kwenye spika: kwa spika ya omu 8 kikomo ni 0.4, kwa hiyo unafaa. Kwa omu 6 uko kwenye ukingo. Kwa omu 4 nunua wa 2.5. Kwangua ncha ya uzi kwa kisu dukani. Ukiona fedha chini ya rangi ya shaba, ni alumini iliyopakwa. Ukinzani wake ni mkubwa zaidi, na kwenye unyevunyevu wa pwani ncha zake huchakaa haraka.

Nyumba ikiwa bado haijapigwa lipu, laza konduti (bomba la kupitishia waya) ya milimita 25 kwa waya za spika, na ya milimita 40 yenye kona pana kwa HDMI, kwa sababu kichwa cha HDMI hakipiti kwenye bomba jembamba. Acha kamba ya kuvutia ndani. Ziwe sentimita 30 mbali na nyaya za umeme, na zikikutana zipishane kwa pembe mraba. HDMI ya kawaida kwa picha za 4K isizidi mita 5. Zaidi ya hapo tumia ya faiba, na uangalie maandishi kwenye vichwa vyake, kwa kuwa ina upande wa kuanzia na wa kumalizia.

Vigae na vioo

Piga kofi moja katikati ya sebule. Ukisikia mlio mkali unaoning'inia, vigae na kuta tupu vinarudishiana sauti. Zulia nene kati ya kochi na TV ndilo linalobadilisha mambo zaidi kwa gharama ndogo. Halafu kaa kochini, mwenzako atembeze kioo ukutani usawa wa masikio. Pale unapoiona spika ya mbele kupitia kioo ndipo sauti inapogonga. Kwetu ni mita 1.15 kutoka ukuta wa TV. Kama kushoto hapo kuna dirisha, weka pazia zito lenye kitambaa mara mbili ya upana wa dirisha, na kulia utundike kitu chenye unene unaokaribiana nalo. Kwenye mdomo wa sehemu ya chakula, pazia la kuvuta hupunguza mwangwi unaorudi ukiwa unatazama filamu.

Kuipima risiva

Zima feni, kiyoyozi na friji, ambayo aghalabu iko palepale penye meza ya chakula. Maikrofoni ya risiva, ambayo risiva huitumia kujipimia spika zako, ikae kwenye kistendi usawa wa masikio, kamwe isiegemezwe kwenye mto wa kochi. Ikiomba sehemu kadhaa, zote ziwe ndani ya sentimita 60 kuzunguka kiti kikuu. Ukipeleka maikrofoni hadi kochi la ukutani, hesabu yote inaharibika.

Ikimaliza, kagua mambo matatu. Spika zote ziwe zimewekwa kama ndogo, na krosova (mpaka ambao besi iliyo chini yake hupelekwa kwenye sabufa) Hz 80; kwa vispika vidogo sana 120. Umbali wa spika tano ufanane na tepu yako, tofauti isizidi sentimita 20 au 30. Umbali wa sabufa kwa kawaida husomeka mrefu kuliko halisi kwa sababu saketi zake huchelewesha sauti, uache. Kisha cheza kelele za majaribio na upime kila spika kochini kwa programu ya desibeli ya simu. Zote zisomeke sawa, mfano 75. Simu haisemi ukweli kamili wa namba, lakini inalinganisha vizuri spika tano. Maneno yakiwa hafifu, ongeza spika ya kati desibeli 1 au 2.

Kwenye TV na king'amuzi, fungua mipangilio ya sauti uchague bitstream (sauti inayopitishwa kwa risiva bila kufunguliwa) badala ya PCM (sauti iliyokwisha kufunguliwa), la sivyo risiva itaendelea kupokea sauti mbili tu. Chaneli nyingi hutangaza kwa stereo hata hivyo. Kwa hizo washa Dolby Surround au Pro Logic II, zinazosambaza stereo kwenye spika zote, kwenye risiva, na kelele za mashabiki wa mpira zitaenea nyuma huku mtangazaji akibaki mbele.

Vurugu za kawaida

Sauti ya mbele haina katikati na besi imepotea: spika moja imeunganishwa kinyume. Angalia mstari au maandishi ya waya, chanya kwa chanya.

Risiva inazimika sauti ikipanda: nyuzi za waya zinagusana nyuma yake, au haipati hewa. Iachie sentimita 15 juu yake.

Mngurumo mzito usiokoma kwenye sabufa: chomoa waya wa dishi kwenye king'amuzi. Ukinyamaza, tatizo ni ethi. Chomeka vifaa vyote kwenye soketi moja, na fundi aunganishe fremu ya dishi na ethi ya nyumba. Usikate pini ya ethi, na usiweke kitenganishi cha antena ya kawaida kwenye waya wa dishi, kwani kitazuia umeme unaopanda kwenye LNB (kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) na picha itapotea.

Spika ya nyuma kulia inasikika mbele ya mwenzake: mtu ameisogeza stendi. Irudishe kwenye alama, ndiyo maana tepu ya karatasi ibandikwe chini ya kitako na isibanduliwe. Mwisho, kulinda vifaa vyote, weka stebilaiza yenye kuchelewesha umeme unaporudi, na radi zikianza chomoa plagi na waya wa dishi pia, kwa sababu radi huingia kwa dishi hata kama plagi imetolewa.